Nyumba ya Mfano

Milango ya nyumba zote mia moja na arobaini ilitazamana. Mtu yeyote aliyezaliwa upande huu wa mlima Michesi angeliona kosa hilo kabla hajashuka kwenye baiskeli, lakini waliozichora hawakuzaliwa huku, na waliozaliwa huku hawakuulizwa. Safu hii na safu ile, mlango kwa mlango, hatua sita katikati. Unatoka alfajiri na mswaki mdomoni, unagongana macho na mama mkwe wako naye anatoka kumwaga maji. Wyson Mukhuna, fundi mkuu wa nyumba hizo, alizijenga kwa mikono yake mwenyewe huku akizitukana moja baada ya nyingine.

Alizitukana kimoyomoyo, kwa sababu shirika la misaada lilikuwa limetusainisha sisi mafundi karatasi kwamba tutakuwa na lugha nzuri kazini.

Kwetu mwanamume ndiye anayehama. Wyson alikuja hapa Nakhulambe miaka ishirini na minne iliyopita kumwoa Eneless, akiwa na shoka, blanketi na maringo mengi, na kama wakwe wote alitakiwa ajenge nyumba kwanza ndipo ahesabiwe mtu. Aliijenga kwa wiki mbili. Upepo wa kwanza wa Agosti ukaiegemeza kwenye miti ya mbaazi. Asubuhi ile mama yake Eneless alitoka uani, akamgeuzia mkwewe mgongo kama inavyopasa, akaanza kutwanga. Mkwe na mama mkwe hawasemeshani wala hawatazamani, na jina la mama mkwe halitoki kinywani mwa mkwe hata akiwa na homa. Kwa hiyo mama yule alizungumza na kinu chake.

“Wee kinu, umeiona nyumba ya mwanangu? Imelewa tangu alfajiri. Aliyeijenga alidhani nguzo inasimama kwa kuogopa macho ya watu. Hebu mwambie akaliangalie ghala langu la mahindi. Fito zimepita mshazari, hii ikivutwa kule, ile inakataa.”

Wyson alisikia kila neno. Alinuna siku mbili nzima, na siku ya tatu, mama mkwe alipokwenda mtoni, akaenda kulichungulia ghala. Mama yule alilisuka mwenyewe kwa mianzi iliyopasuliwa, na lilikuwa limesimama mvua kumi na mbili. Akaizungushia nyumba yake mianzi kwa mtindo ule ule, na kuanzia hapo hakuna nyumba ya Wyson iliyoanguka tena kwa upepo.

Basi ndivyo alivyosomea ufundi, miaka ishirini na minne, kwa kusikiliza kinu kikielezwa. Kinu kiliambiwa kwamba bati lisilofungwa ni panga linalosubiri shingo. Kiliambiwa pia kwamba baraza likielekea upande wa mvua, wageni wataoga bila sabuni. Wyson akawa fundi wa kuitwa mpaka Phalombe mjini, na kila alipolipwa alileta sukari, akaiweka juu ya jiwe nje ya ua na kuondoka. Mama mkwe aliichukua bila kugeuka. Nimewahi kuona ndoa zenye maneno matamu zaidi ya hayo, na nyingi zimeshavunjika.

Halafu kikaja kimbunga cha Machi. Kilikaa juu yetu siku nne, na siku ya nne mlima ukaachia. Sitaeleza mengi. Matope na mawe yenye ukubwa wa ng'ombe yalipita katikati ya kijiji asubuhi watu wakinywa uji, na nyumba za Wyson, zilizoushinda upepo kila mwaka, zilikwenda na nyingine zote. Ghala la mama mkwe tulilikuta chini kabisa karibu na barabara, limelala ubavu, limejaa tope, na halijafumuka hata ufito mmoja. Mwenyewe alikutwa amebanwa na gogo, mguu wa kulia umepondeka, akiwa hai na mwenye hasira. Alipelekwa hospitali ya misheni. Sisi wengine tukaingia madarasani pale shuleni, familia kumi darasa moja.

Wiki tatu baadaye watu wa shirika wakaja kuandikisha waliopoteza nyumba. Walitangaza kwa kipaza sauti kwamba waje wakuu wa kaya, na kwao mkuu wa kaya ni mwenye ndevu. Kwa hiyo tulijipanga wanaume juani, sote tuliooa hapa, kwenye ardhi ya wake zetu, tukaandikishe nyumba zitakazosimama juu ya ardhi hiyo. Tulilijua kosa na tukajipanga hivyo hivyo, kwa sababu mwenye njaa habishani na kipaza sauti.

Binti aliyekuwa anaandika kwenye simu alikuwa mpole.

“Wanaolala kwako, baba. Nitajie mmoja mmoja.”

Wyson akajitaja, akamtaja Eneless, akawataja watoto wanne.

“Mwingine?”

“Yupo mmoja, yuko hospitali. Anarudi.”

“Jina?”

Wyson akaangalia vidole vyake vya miguu. “Mama yake Eneless.”

“Baba, simu haipokei ‘mama yake’. Inataka jina lake na jina la ukoo.”

“Andika tu hivyo, kila mtu anamjua.”

“Mimi simjui.”

Eneless angeweza kulitaja, lakini alikuwa hospitali akimwosha mama yake. Wyson akageuka amwombe aliyekuwa nyuma yake. Nyuma yake alikuwa Stambuli, ambaye mkewe ni mtoto wa dada yake mama huyo huyo, kwa hiyo naye ni mama mkwe wake vile vile. Stambuli akaanza kuyakagua mawingu. Wa nyuma ya Stambuli akainama kufunga kamba ya kiatu, na alikuwa amevaa kandambili.

“Basi tuendelee,” binti akasema, akabonyeza simu. Watu sita.

Jambo hilo lilimkaa Wyson kooni kama mwiba wa samaki. Alijiambia atalirekebisha Eneless akirudi. Eneless aliporudi, na mama yake akichechemea kwa fimbo, walikwenda wote wawili kwenye meza ya shirika, na wakaambiwa kaya yao tayari ina mkuu wa kaya, na yeye ndiye mwenye haki ya kuongeza mtu. Wyson akaenda. Akaulizwa jina, alitamke mwenyewe. Akasimama pale mpaka foleni ikaanza kupiga kelele, kisha akaondoka. Alikwenda tena, na tena. Julai orodha ikafungwa, na bibi wa miaka sitini na nane, aliyepoteza kila kitu isipokuwa fimbo ya hospitali na kinu kilichofukuliwa topeni, hakuwemo duniani kwa mujibu wa simu ile.

Mwezi ule ule wakamtafuta fundi wa kujenga nyumba ya mfano, na kila aliyeulizwa akamtaja Wyson. Injinia Lusungu, kijana wa kaskazini aliyehamia Lilongwe, mwenye buti safi na sauti ya chini, alimpa mianzi, mabati na uhuru. “Jenga inayofaa kwa watu wa hapa, fundi. Tutaijaribu.”

Wyson alijenga kwa siku tisa, na ukweli ni kwamba hakuwa anawajengea watu wa hapa. Alikuwa anamjengea mtu mmoja. Aliiinua sakafu goti moja kutoka ardhini kwa ajili ya maji, halafu akaweka ngazi tatu fupi, kwa sababu mguu uliopondeka haupandi hatua ndefu. Ukutani alisuka mianzi mshazari kama ghala. Kila kombamoyo la paa alilifunga kwa mpira wa tairi kuukuu, mizunguko minane, ambao upepo ukiuvuta unavutika na kurudi. Upenu aliushusha chini sana, mtu mzima lazima ainame. Baraza aliliweka, pana, mgeni akae na mkwe aweke sukari bila kuingia. Mlango akauelekeza mlimani, nyuma, mbali na njia, ili mwenye nyumba atoke asubuhi bila kumwona mtu asiyetakiwa kumwona.

Mama mkwe alipita pale siku ya nane, akaketi mbali chini na kinu chake, alichobebewa na wajukuu, akimpa mkwewe mgongo.

“Wee kinu,” alisema, “miaka ishirini na minne. Kumbe alikuwa anasikia.”

Wyson alijifanya anatafuta misumari. Machozi yalikuwa yamemjaa machoni.

Injinia alifurahi kupita kiasi. Alipiga picha upenu, alipiga picha mpira wa tairi, alimpiga picha Wyson ameshika nyundo. Picha zikaenda makao makuu, makao makuu yakapongeza, na baada ya wiki mbili mchoro wa nyumba mia moja na arobaini ukarudi. Wyson aliugeuza juu chini mara tatu.

“Baraza limekwenda wapi?”

“Wamelitoa. Linakula mabati mawili kila nyumba. Baraza si hitaji la dharura, fundi.”

“Mgeni atakaa wapi? Mkwe atakaa wapi?”

“Ndani. Kila mtu ana mita tatu na nusu za mraba, nimepiga hesabu mwenyewe.”

“Na milango mbona inaangaliana?”

“Hivyo mlinzi mmoja anaona safu nzima. Ni usalama.”

“Usalama wa nani?”

Injinia alicheka, akidhani ni utani.

“Basi nipe ile niliyojenga,” Wyson akasema. “Kuna mama hana pa kulala.”

“Ile ni nyumba ya mfano, kaka yangu. Ni ya kuonyesha wageni. Huyo bibi si anaweza kukaa kwenye nyumba yenu? Mtatundika pazia.”

Pazia! Wyson alilitafuna neno hilo njia nzima mpaka shuleni. Yaani yeye na mkewe walale upande huu, na mama yule alale upande ule, akisikia mkwewe anavyogeuka, anavyokoroma na mengine yote ya watu waliooana? Afadhali tope lingemaliza kazi yake. Maneno hayo ya mwisho si yangu, ni ya mama mwenyewe, alikiambia kinu.

Septemba shule ikafunguliwa na madarasa yakarudi kwa watoto. Waliokuwa kwenye orodha walipewa maturubai wasubiri. Ambaye hakuwemo alihamia chini ya upenu wa jiko la shule, akalala kati ya kuni na masufuria ya uji. Akaanza kukohoa. Eneless alilala naye siku moja moja, na siku nyingine Wyson alikaa macho mpaka asubuhi akikisikia kikohozi kile kutoka ng'ambo ya uwanja, asiweze hata kwenda kumpa maji. Mchana anapigilia misumari kwenye nyumba za watu wengine. Nyumba ya mfano ilikaa tupu juu ya kilima, kufuli mlangoni, ndani viti vya plastiki na mabango. Ufunguo alikuwa nao Stambuli, ambaye shirika lilimwajiri mlinzi. Viti vililala pakavu. Mimi nilipita pale kila siku, na kila siku nilitamani kurusha jiwe.

Makabidhiano yaliwekwa Novemba, wingu limeshaanza kukaa kichwani mwa mlima. Walikuja wageni kwa magari manne. Chifu wetu, Mama Namasoko, aliketi mbele kwa kilemba kipya. Wanawake walikaa upande wao, mama mkwe kati yao na kinu chake mbele yake, kwa sababu watoto wa shule walishakiiba mara moja. Wyson aliitwa mbele kama fundi mkuu atoe shukrani, akapewa karatasi imeshaandikwa.

Aliifungua. Aliisoma moyoni mpaka mwisho, watu wakisubiri. Kisha akaikunja ndogo, akaitia mfukoni, akavua kofia.

“Hapa pameandikwa nishukuru,” alisema. “Nitashukuru nikimaliza. Mwezi wa nne kuna mtu hakuandikwa kwa sababu ya mdomo wangu. Nimeomba mara saba aongezwe. Nimeambiwa jina, jina, jina. Hii nyumba mnayoipiga picha, akili iliyomo ni ya mtu huyo. Mshazari ni wake. Analala jikoni na masufuria, anakohoa, na mvua hiyo hapo mnaiona. Mnataka jina. Haya, chukueni jina.”

Tukajua anachotaka kufanya. Stambuli alisema, “Kaka, usifanye,” kwa sauti ambayo sikuwahi kumsikia nayo.

“Elube Namakhwa,” akasema Wyson.

Wanawake wote walishika vinywa. Chifu akainamisha kichwa. Eneless alikaa chini mchangani kama mtu aliyekatwa miguu. Wyson mwenyewe hakuthubutu kutazama upande wa kinu.

Injinia Lusungu akasogea, akamnong'oneza, nasi wa mbele tukasikia. “Fundi, orodha ilifungwa Julai. Awamu ya pili, labda mwakani.”

Hakuwa ameshika hata kalamu. Hilo ndilo lililomwua Wyson. Alikuwa ametoa kitu ambacho mwanamume wa kwetu huzikwa nacho, akakitoa mbele ya wake na watoto na wageni wa magari manne, na mwenzake hakuona haja ya kuandika. Hasira ilimpanda hadi masikio yakaziba. Alifungua mdomo, na nadhani angesema mambo ambayo yangemfukuzisha kazi, ndoa na kijiji siku moja.

Lakini mama mkwe alikuwa ameshasimama. Alishika fimbo yake, akapita nyuma ya wanawake, nyuma ya wageni, taratibu kwa mguu ule mbovu, akaelekea kilimani. Nyumba ya mfano ilikuwa imefunguliwa siku hiyo kwa ajili ya picha. Aliizunguka hadi upande wa mlimani, nasi tukimwona kutoka ubavuni, akapanda ngazi tatu fupi bila kusimama hata mara moja, akainama, akaingia. Kiti kimoja cha plastiki kikatoka mlangoni. Kikafuata cha pili. Likafuata bango. Eneless akafuta machozi, akakinyanyua kinu pamoja na wanawake wawili, wakampelekea. Mlango wa mianzi ukafungwa.

Injinia alimwita Stambuli. “Nenda umtoe bibi. Wageni wanataka kuona ndani.”

“Mimi?” Stambuli akarudi nyuma hatua mbili. “Bosi, yule ni mama mkwe.”

“Ni mama mkwe wa Wyson.”

“Na wangu. Mke wangu ni mtoto wa dada yake. Mimi siingii mle hata kwa bunduki.”

“Nyinyi mafundi basi!”

Tulikuwa kumi na mbili. Tukatazamana. Hakuna hata mmoja ambaye mkewe hamwiti bibi yule mama, ama mama mdogo, ama mama mkubwa. Tukayakagua mawingu.

“Chifu,” injinia akasema, jasho linamtoka, “wewe ni mwanamke. Wewe unaweza kuingia.”

“Naweza,” akasema Mama Namasoko. “Na nikiingia nakaa. Nyumba nzuri ile.”

Wanawake wakacheka, kicheko kisicho na huruma hata kidogo. Injinia akamgeukia Wyson. “Fundi, nakuomba. Mila umeshaivunja wewe mwenyewe, kila mtu amesikia. Ingia umtoe, tuyamalize.”

“Nimevunja moja leo,” Wyson akasema. “Ya pili vunja wewe.”

Mgeni mkubwa, mama mmoja mzee mwenye miwani, aliuliza nini kinachelewesha na ni nani anayeishi katika nyumba ile nzuri. Injinia Lusungu alitazama magari manne, akatazama wingu, akatazama viti vilivyobiringika kilimani. Kisha akatoa kalamu mfukoni, akafunua orodha iliyofungwa Julai, akaiweka juu ya goti.

“Haya,” alisema. “Jina lake tena?”

Wyson alivaa kofia yake.

“Nililisema. Hukuandika. Mimi silirudii. Mwenyewe yuko ndani, kamuulize. Mlango uko nyuma, upande wa mlimani.”

Injinia alipanda kilima peke yake, sisi sote tukimtazama. Alipofika barazani tulisikia mchi ukianza kugonga ndani, ingawa kinuni hamkuwa na hata punje.

“Wee kinu,” ikasema sauti ya mama mkwe, wazi, kijiji kizima kisikie, “kuna mtu anakuja na kalamu. Mwambie ainame, upenu ni wa chini. Na avue buti.”

Injinia akachuchumaa, akaanza kufungua kamba.